Trafiki wa Ghorofa ya Tatu

Asubuhi hiyo Konokono alikuwa amechuchumaa kwenye roshani, anafua barakoa za mama yake kwenye beseni, sikio moja kalitega chumbani kwa Babu. Alikuwa anasikiliza kitanda. Kitanda cha Babu kilikuwa cha chuma, kizee kama mwenyewe, mtu akijigeuza tu kinalia, na Konokono alishajifunza kukielewa: kilio hiki ni cha kugeukia ukutani, hiki cha kukaa, hiki cha kutafuta ndala kwa vidole vya miguu. Leo kilikuwa hakijalia kabisa. Akasugua barakoa moja mpaka ikabaki kidogo itoboke.

"Babu," aliita, kwa sauti ambayo hata beseni halikuisikia.

Jina la Konokono alipewa na huyo huyo Babu, kwa sababu tangu utoto wake mlango ukigongwa tu anaingia ndani ya gamba: nyuma ya pazia, chini ya meza, chooni. Darasani mwalimu akimuuliza swali, alikuwa anainama kufunga kamba za viatu, hata siku aliyovaa viatu visivyo na kamba. Shule zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa, wenzake walinuna, yeye akashusha pumzi. Lakini raha yenyewe haikudumu. Alifungiwa nyumba moja na Babu, akawa anamwona kila siku, na kila siku alimwona anapungua.

Babu alikuwa trafiki mstaafu. Alisimama kwenye njia panda kubwa ya mjini tangu nywele zake nyeusi mpaka zikawa rangi moja na glavu zake nyeupe. Taa za barabarani hazikuwepo, taa ilikuwa yeye. Madereva wengine walimpenda, wengine walimlaani kimoyomoyo, ila hakuna aliyethubutu kusogea Babu akiwa amenyanyua mkono. Hata alipostaafu hakustaafu hasa. Kila asubuhi alivaa viatu vyake vyeusi, akapiga mguu mpaka njia panda, akasimama pembeni kuwakagua vijana waliochukua nafasi yake, kisha akarudi nyumbani analalamika.

"Leo nimemwona mmoja anaongoza magari huku simu iko sikioni. Afadhali wangeweka ng'ombe."

Kulalamika huko ndiko kulikomfanya ale kwa hamu.

Ugonjwa ulipoingia, Mama alipiga marufuku kutoka nje, akawa anafunga mlango kwa kufuli kila akienda kazini. Mama alikuwa muuzaji wa duka la dawa, anakaa nyuma ya kioo kutwa nzima watu wanakohoa mbele yake, na jioni anarudi na habari zile zile: baba wa fulani kaenda, bibi wa fulani kaenda. Aliogopa mpaka akawa hamgusi mtu. Aliviweka viatu vya Babu juu ya kabati, akamwambia, "Baba, umefanya kazi maisha yako yote. Sasa kaa tukuhudumie." Babu akitaka kuosha kikombe, Mama anakichukua. Akishika ufagio, Mama anampokonya kwa heshima zote. Kwa Mama, mzee aliyekaa bila kusumbuliwa ndiye mzee anayependwa.

"Nimechoka na nini mpaka nipumzike?" Babu aliuliza mwanzoni. Baadaye akaacha kuuliza. Akaacha na kunyoa ndevu. Akaacha kumtania Konokono, yeye aliyekuwa hamwiti mjukuu wake kwa jina bila kumwongezea "bibie" na kumuuliza lini wataoana. Miguu ikaanza kumwishia, akawa anakwenda chooni ameshika ukuta.

Juzi jioni alisema kitu. Konokono alikuwa amempelekea chai, Babu hakuinua hata kichwa. Akasema taratibu, kama abiria anayemwambia kondakta, "Mimi kituo changu nimefika. Nishusheni."

Konokono hakumwambia Mama. Angeanzia wapi? Mama mwenyewe alikuwa anajisifu kwa wenzake kwenye simu kwamba mzee katulia siku hizi, hana usumbufu. Kwa hiyo maneno yale aliyabeba peke yake, na sasa alikuwa anasikiliza kitanda kisicholia.

Akaacha beseni, akaingia chumbani mikono inachuruzika povu. Babu alikuwa macho. Amelala chali anatazama dari.

"Babu, umeamka?"

Kimya.

"Babu, chai?"

Babu hakupepesa hata jicho. Hakuwa amekasirika. Ilikuwa kama hayupo, kaacha mwili pale umshikie nafasi.

Huko chini barabarani kelele zikaanza. Konokono akachungulia dirishani. Pale kwenye kona nyembamba, kati ya jengo lao na jengo la mbele, mkokoteni wa madumu ya maji ulikuwa umekutana uso kwa uso na pikipiki ya kupeleka mizigo. Hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Tangu magari yaadimike, kila mtu aliona barabara ni ya baba yake.

"Rudisha hilo jeneza lako," alisema wa pikipiki.

"Jeneza utaingia wewe. Mimi nimebeba mzigo, wewe umebeba upepo."

Konokono mwenyewe hakujua wazo lilitoka wapi. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Babu, kuna mkokoteni na pikipiki pale kona. Wamekwama. Nani mwenye njia?"

Sauti ikatoka, kwa mbali sana, "Wewe unaonaje?"

"Sijui."

"Hujui?" Kitanda kikalia. "Umekula kwenye nyumba ya trafiki tangu una meno mawili, halafu hujui?" Kikalia tena, kilio kirefu, kile cha kukaa. "Nipe filimbi yangu. Kwenye droo, chini ya soksi."

Akatoka ameshika ukuta, kaptula ya kulalia imemning'inia, ndevu zimesimama huku na huko. Akafika roshani. Akapuliza. Filimbi ilipasua mtaa mzima. Njiwa waliruka, madirisha yakafunguka, wale wawili pale kona wakanyamaza wakatazama juu kama watoto waliofumaniwa jikoni. Babu akanyanyua mkono wa kushoto kuizuia pikipiki, akauita mkokoteni kwa mkono wa kulia, taratibu, mpaka ukapita. Kisha akageuka ubavu, akairuhusu pikipiki. Ikaondoka bila neno.

Babu akaushusha mkono kwa shida. "Umeota kutu," alisema, analikanda bega.

Kwenye roshani ya jengo la mbele, ghorofa ile ile ya tatu, alikuwa ametoka mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Huyo ni Fundi Saa. Alitengeneza saa za mkono maisha yake yote mpaka macho yakakataa, na alikuwa na ugomvi na Babu ambao mtaa wote uliujua.

"Trafiki," aliita. "Kumbe bado upo? Mimi nilishakuombea dua."

"Irudishe, itakufaa mwenyewe," Babu akajibu.

Konokono, nyuma ya pazia, akaziba mdomo. Ni muda mrefu hakuwa amesikia Babu anamjibu mtu.

Ugomvi wao ulikuwa wa kale. Enzi hizo Fundi Saa alikuwa na baiskeli, na siku moja Babu akiwa amenyanyua mkono, Fundi alijivuta, gurudumu la mbele likapita mstari. Babu alimteremsha, akamwambia asukume baiskeli yake mpaka mwisho wa foleni, nyuma ya malori, mbele ya wateja wake wote. Fundi Saa hakusahau. "Alinirudisha nyuma kama mbuzi," alikuwa anasimulia kila akipata msikilizaji.

Kesho yake asubuhi, Mama alipoondoka tu, kitanda kililia chenyewe. Babu alitoka roshani kunyoosha lile bega. Ananyanyua mkono, anashusha, anageuka, anapiga mguu chini. Fundi Saa akatoka.

"Unatupungia sisi au unafukuza nzi?"

"Fanya wewe tukuone."

"Mimi nifanye amri zako? Tena?"

"Mkono wako hauwezi kufika hata sikioni, Fundi. Umezoea kushika vibanio."

Fundi Saa akanyanyua mkono, tena kwa hasira. Ndivyo ilivyoanza. Haikupita wiki, Mkunga mstaafu wa ghorofa ya juu yake naye akawa anatoka, mama mnene mwenye sauti ya spika, anashika chuma cha roshani na kuchuchumaa na kusimama huku anajihimiza mwenyewe, "Sukuma, mama, sukuma, kichwa kinaonekana," mpaka walio chini barabarani wanakaa kitako kwa kicheko. Babu anapiga filimbi: fupi ni kwenda, wanapiga miguu papo hapo, ndefu ni kusimama, mguu mmoja juu, mkono mmoja hewani, hakuna kutikisika.

"Nikisema simama ni simama," Babu alikuwa anawaambia. "Nzi akitua puani, mwache apumzike naye. Husogei mpaka nikuruhusu."

"Leo utachoka wewe kabla yangu," Fundi Saa anajibu. "Leo sijivuti hata nukta."

Na kweli hakujivuta. Mkunga alidanganya waziwazi, anashusha mguu Babu akiangalia pembeni. Fundi Saa alisimama kama sanamu, kidevu juu, anamkodolea Babu macho kupitia ile miwani ya uzi, na Babu alikuwa anamchelewesha makusudi kidogo kabla ya kumwachia. Utani wao ulikuwa hapo.

Konokono hakuonekana hata siku moja. Alikuwa ndani ya pazia, tayari na kiti Babu akichoka, tayari na maji. Babu alirudi ndani amelowa jasho, anapumua kwa nguvu, anadai chakula. Alinyoa. Alianza tena kulalamika, mara hii juu ya Mkunga: "Yule mama angekuwa lori, ningeshamnyang'anya leseni." Siku moja akasema, "Bibie, hizo nywele vipi, au posa nipeleke kwingine?" Konokono aliingia chooni akafungulia maji ili asisikike analia.

Mama hakujua. Aliona mzee anakula, akasema ni vile vidonge vya vitamini alivyoleta kutoka dukani. Konokono akamwacha aamini. Kila jioni alikuwa anahesabu kimoyomoyo nani mtaani anaweza kuropoka, na kila Mama akifungua mdomo kusema, "Leo nimesikia," aliacha kutafuna. Kwa sababu Mama akijua atafunga mlango wa roshani. Na mlango wa roshani ukifungwa, Konokono alijua Babu atageukia wapi.

Siku yenyewe jua lilitoka mapema na kali. Babu aliwahi, Mkunga aliwahi, Fundi Saa alichelewa, akatoka anafunga vifungo vya shati.

"Saa yako imekufa, Fundi?" Babu alimuuliza.

"Sijanywa hata chai kwa ajili yako. Piga hiyo filimbi yako tumalize."

Wakapiga miguu, wakageuka, wakainama. Kisha Babu akapiga ndefu. Simama. Fundi Saa mguu juu, mkono juu. Mkunga vivyo hivyo, ameshika chuma.

Ndipo kikasikika king'ora. Gari la wagonjwa lilikuwa linakuja kutoka upande wa sokoni, na pale kona mkokoteni ulikuwa umeegeshwa katikati, mwenyewe yuko pembeni anafunga kamba. Mwili wa Babu uligeuka wenyewe. Akalipa mgongo jengo la mbele, akaegemea chuma cha roshani upande wa kona, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mwenye mkokoteni akaruka, akausukuma pembeni. Babu akalivuta lile gari kwa mkono wake wote, njoo, njoo, pita, na dereva, sijui alimwona au la, akapita. Babu akapiga saluti.

Halafu hakugeuka.

Konokono alimwona kwa upande. Babu alikuwa anaangalia kule gari lilikopotelea, mkono bado uko kwenye paji la uso, midomo inacheza. Labda aliona magari yote aliyowahi kuyapitisha, labda aliwaza aliyelazwa mle ndani ni mzee kama yeye. Alisimama hivyo muda mrefu. Filimbi fupi haikupigwa.

Mkunga alishashusha mguu zamani, anajipepea na kanga. Lakini Fundi Saa alikuwa bado. Konokono alimwona kupitia pazia: mguu umerudi chini, nguvu zimekwisha, lakini mkono uko juu, umenyooka, jua linampiga usoni moja kwa moja. Miwani imeteleza mpaka ncha ya pua, na hakuigusa. Trafiki hajamruhusu. Tena gari la wagonjwa likipita, kila dereva anajua hasogei mtu.

Mwite, Konokono alijiambia. Mwite Babu. Sema tu, Babu, Fundi bado kasimama. Maneno yalifika kooni, yakageuka. Angesikika barabara nzima. Wote wangemtazama. Alishika pazia, akapiga moyo konde, na alipofungua mdomo Fundi Saa hakuwepo. Roshani ya mbele ilikuwa tupu. Kikasikika kishindo, baada yake kelele za binti yake.

Babu aligeuka. Akaona mkono mmoja umetokeza katikati ya vyuma, kule chini sakafuni.

"Fundi," aliita. "Fundi, endelea. Endelea, bwana." Akapiga filimbi fupi. Akapiga tena. Akapiga mpaka pumzi ikamwishia na Konokono akatoka kwenye pazia, mbele ya mtaa mzima, akamshika kiuno.

Binti wa Fundi Saa alikuwa msusi, saluni yake iko chini ya lile lile jengo. Yeye na jirani walimteremsha baba yake kwenye shuka, wakamwingiza kwenye gari la mtu, wakaondoka. Babu aliyaona yote kutoka juu. Hakuweza kushuka, mlango ulikuwa na kufuli na ufunguo anao Mama.

Mama aliambiwa getini kabla hajapanda ngazi. Aliingia hajavua hata barakoa.

"Kwa hiyo mimi nikitoka kuhangaika, ninyi mnafungua jeshi hapa roshani?"

Babu alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini.

"Baba, watu wanakufa. Mimi nawaona. Nakufungia humu ndani nikupate jioni uko hai, wewe unasimamisha wazee wenzako juani?"

"Nimekosa," Babu alisema.

Hilo ndilo lililomtisha Konokono kuliko makelele. Babu hakuwahi kukubali kosa bila kubishana kwanza. Mama mwenyewe alipunguza sauti. Akachukua filimbi, akaitia kwenye mkoba wake, akafunga mlango wa roshani. Usiku Konokono alimkuta Mama jikoni, ameegemea sinki, mabega yanatikisika.

"Nilitaka apumzike tu," Mama alisema bila kugeuka. "Kuna ubaya gani mtu kupumzika?"

Konokono alikuwa na jibu lake. Alikuwa nalo refu. Akaosha kikombe.

Kuanzia hapo kitanda kililia kilio kimoja tu, kile cha kugeukia ukutani. Babu hakula. Mama alibembeleza, akafoka, akaleta ushauri wa daktari anayefika dukani, Babu akanywa maji kidogo kumridhisha. Mashavu yakaingia ndani. Akigeuzwa anageuka, akiachwa anarudi ukutani. Konokono alikaa kwenye mlango wa chumba na vitabu vyake vya shule mapajani, anasoma mstari mmoja huo huo, anasubiri kuona shuka linapanda na kushuka.

Kule mbele, roshani ya Fundi Saa ilikuwa imefungwa. Shati lake moja liliachwa kwenye kamba, jua linalipausha. Mkunga alitoka siku moja, akamwona Konokono dirishani, akasema, leo kwa sauti ya chini, "Wamemlaza, mwanangu. Hawaruhusu mtu kuingia. Binti yake hajarudi, hata mimi sina habari." Konokono aliitikia kwa kichwa, akarudi mlangoni kwa Babu.

Siku aliyoona midomo ya Babu imepasuka, aliamua. Aliingia na kikombe cha uji, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Babu, Fundi Saa anaendelea vizuri. Anakula. Ameshaanza kukaa."

Kitanda kikalia. Babu aligeuka polepole, kwanza bega, kisha uso.

"Nani kakwambia?"

"Binti yake."

"Umeongea naye?"

"Eeh."

"Wewe?" Babu alimkazia macho. "Wewe ambaye mwenye duka akikupa chenji pungufu unamshukuru? Wewe umempigia simu msusi?"

Konokono akaangalia uji.

"Bibie," Babu alisema, bila ukali wowote, "mimi nimesimamisha waongo maisha yangu yote. Hujui hata kuanza." Akajaribu kucheka, ikatoka kikohozi. Wote wawili walikitegea sikio kile kikohozi, kikapita. "Kafa?"

"Sijui, Babu. Kweli sijui. Hakuna anayejua."

"Basi ulizia."

"Mimi?"

"Mimi filimbi yangu imechukuliwa. Nani mwingine yupo hapa?"

Namba ya msusi ilikuwa imechorwa kwa rangi kubwa kwenye mlango wa saluni, inasomeka kutoka dirishani. Konokono aliichukua kwa simu ya zamani ya Mama, ile anayosomea masomo tangu shule zifungwe. Kupiga hakuweza, aliiangalia ile alama ya kupiga akaiweka simu chini. Babu aliona.

"Andika ujumbe. Nitakutajia." Alijikokota mpaka akakaa, mgongo ukutani, akavuta shuka magotini kama anavaa sare. "Andika, 'Shikamoo.'"

"Yule ni mdogo kwako, Babu."

"Basi 'Salamu.' Andika, 'Mimi ni yule trafiki wa ghorofa ya tatu. Siku ya tukio nilimsimamisha baba yako. Likapita gari la wagonjwa, nikaliongoza, nikamsahau pale pale.' Umefika?"

"Nimefika."

"'Yeye hakukosa. Mwenzake alishusha mguu. Yeye peke yake alitii.'" Babu akafuta mdomo kwa kiganja. "Andika, 'Na ile siku ya baiskeli, gurudumu lilipita mstari kidogo tu. Ningeweza kumwacha.' Halafu umuulize ana hali gani. Basi."

Konokono aliandika. Mwishoni akaongeza ya kwake, bila kumsomea Babu: "Dada, mimi ni mjukuu wake. Niliona baba yako bado kanyanyua mkono na sikusema. Tafadhali tujibu, hata neno moja. Babu hali chakula." Akaisoma tena. Mara ngapi aliiandika kazi ya shule akaifuta. Hii hakuifuta. Akatuma.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

Babu hakurudi ukutani. Alibaki amekaa, macho kwenye ile simu iliyowekwa juu ya shuka katikati yao. Konokono akamsogezea kikombe.

"Babu, uji unapoa."

"Ngoja kwanza ajibu."

Wakangoja. Jua lilihama kutoka ukutani likaingia sakafuni. Ufunguo wa Mama ulisikika mlangoni, mkoba ukawekwa mezani, maji ya kunawa yakafunguliwa. Mama akaja mpaka mlango wa chumba, akaona mzee amekaa na mtoto amekaa na simu iko katikati, akataka kuuliza, akaacha. Akabaki amesimama hapo, mikono inadondosha maji.

"Kasoma?" Babu aliuliza.

"Imemfikia. Hajafungua."

"Labda yuko wodini naye."

"Labda, Babu."

Mwanga wa simu ukapungua. Konokono akaigusa isizime.